Hivi tunazeeka ili iweje? Mageuko yana lengo kweli?

mkonge_damu:
Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita natoka Korogwe narudi Tanga mjini, nimekaa dirishani naangalia mkonge, kuna shamba moja linaonekana halijakatwa majani siku nyingi, basi milingoti imesimama kila kona, huko juu vimiche vidogo vimejazana, chini mkonge wenyewe umenyauka umekuwa kahawia. Unaishi miaka kama 10 hivi, unatoa mlingoti mara moja tu, unakufa. Nikakumbuka mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa anatwambia viumbe vinazeeka na kufa makusudi ili kupisha kizazi kipya, ndo mageuko, yani viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, yalivyopanga. Kipindi kile nilikubali maana inakuja kwenye mtihani. Ila saivi nina mzee nyumbani magoti hayamfikishi msikitini mpaka ashikwe mkono, nauliza kwa nia njema, hapo anapishwa nani?

sheikh wa kijiweni:
Mkuu Mungu ndo kapanga, kila mtu na siku yake. Mengine mnajichosha.

bwana_shamba:
Sheikh sikupingi ila jamaa kauliza inafanyaje kazi.

Hiyo hoja ya kupishana sio ya mwalimu wako, ni ya zamani, Mjerumani August Weismann aliisema tangu karne ya 19. Shida yake iko hapa. Chukulia kundi la swala wote wakifika umri fulani wanakufa wapishe wenzao. Akazaliwa mmoja mbishi, yeye hapishi, anaendelea kuzaa tu. Baada ya vizazi kadhaa pori limejaa watoto wa nani? Wa mbishi. Ni kama daladala saa 12 jioni, mstaarabu anayepisha kila mtu analala stendi.

Jibu linalokubalika zaidi lilianza na Peter Medawar wa Uingereza, miaka ya 1950 mwanzoni. Porini wachache sana wanafika uzeeni, njaa, simba na magonjwa vinawawahi. Sasa jeni mbovu ikikuua kabla hujazaa inaondoka na wewe, lakini ile inayosubiri ukizeeka inakukuta ushawarithisha watoto, kwahiyo mchujo hauigusi sana, zinarundikana tu. 1957 Mmarekani George Williams akaja na kali zaidi, kwamba jeni ileile inaweza kukubeba ujanani halafu ikakudai uzeeni, na bado itasambaa maana faida unaila mapema, riba analipa mzee. Kausha damu kabisa yani.

pwani_kwetu:
Naongezea nyama hapo. Kuna visamaki vinaitwa Nothobranchius, hata Zanzibar wapo aina yao, wanaishi kwenye madimbwi ya mvua, dimbwi likikauka wote kwisha, yanabaki mayai kwenye tope yanasubiri mvua nyingine. Utasema wanakufa kwa kukosa maji si ndio? Sasa wapo ndugu zao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ukiwafuga kwenye tangi maji kibao msosi kibao bado ndani ya miezi tu wanazeeka, rangi inapauka mgongo unapinda. Halafu mwangalie fuko uchi wa Kenya, Ethiopia na Somalia, kale kasiko na manyoya kanakoishi chini ya ardhi ambako adui hafiki ovyo. Kadogo tu lakini kanapita miaka 30, panya wa kawaida akifika mitatu kajitahidi. Ambaye maisha yake huwa yanakatishwa mapema hajengwi adumu.

mkonge_damu:
“Hajengwi” na nani sasa?? Mnakwepa lengo halafu mnalirudisha kwa mlango wa nyuma.

bwana_shamba:
Hahaha umetukamata, ni lugha tu hiyo, hata sisi tuliosoma inatuponyoka. Cheki twiga. Kuna neva, yani mshipa wa fahamu, inatoka kwenye ubongo kwenda kwenye koromeo, hapo ni karibu tu, lakini inashuka shingo yote mpaka kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, inapanda tena shingo yote ndo inafika. Kwa twiga mkubwa safari nzima inapita mita 4. Kwa mababu zetu samaki ilikuwa njia ya mkato, shingo ikaja kurefuka kidogo kidogo na neva ikawa inavutwa tu, hakuna aliyekaa akachora ramani.

Na mkonge wako haujampisha mtu, akiba yote ya miaka umeimwaga kwenye mlingoti mmoja, umefilisika.

sheikh wa kijiweni:
Fundi aliyenifungia umeme kapitisha waya hivyohivyo, kazunguka nyumba nzima kuwasha taa ya choo, na ramani nilimpa 😂

mkonge_damu:
Shukrani wakuu. Nimemsomea mzee hapa ile ya mkopo wa ujanani, kaniangalia weee, kaniuliza yeye alikopa lini na nani alimdhamini.