Mjadala: Ile katuni ya mashujaa wote pamoja, tuwaonyeshe watoto wa leo ao tuiache?

Fundi wa Kamalondo
Bakubwa na badogo, jambo zenu. Vijana wa parokia yetu hapa Lubumbashi wanatafuta kitu cha kuwaonyesha watoto likizo hii, maana bangi na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, vinawamaliza. Nimependekeza ile Cartoon All-Stars to the Rescue ya 1990: Garfield, Bugs Bunny, Winnie the Pooh, Schtroumpfs (wale vijitu vya bluu, Smurfs), Alf yule kiumbe wa sayari nyingine, Michelangelo wa wale kasa ninja, wote wanaingia nyumba moja kumwokoa Michael, kijana aliyeanza kuvuta bangi. Ni nusu saa tu. Mmoja wa kamati ananiambia ni takataka ya kizamani. Munasemaje?

Mama Mapacha
Huyo wa kamati ana haki. Niliirudilia juzi na wanangu. Michael anaiba kibubu cha dada yake mdogo, halafu unatokea moshi wenye sauti nene unamshawishi avute. Watoto walicheka. Anayewauzia watoto wetu si moshi, papa, ni jirani anayejua majina yao na anayewakopesha hadi Jumamosi. Katuni haina huyo.

Sangoku wa Katuba
Mimi ninakumbuka Sangoku wa Dragon Ball aliurushia ule moshi kamehameha, ule mwali wake wa mikono, mpaka ukapasuka. Ile ilikuwa kali! Muonyeshe tu.

Kaseti ya Zamani
Sangoku hayumo humo, ndugu. Umechanganya na ya 2013, aliyokutana na Luffy wa One Piece na Toriko kwenye televizio ya Japani. Na ile haikuwa kazi ngumu, hao watatu wote walizaliwa gazeti moja la katuni, Shōnen Jump. Hata Flintstones na Jetsons walipokutana 1987 walikuwa wa studio moja, Hanna-Barbera, wote wawili. Hii ya 1990 ndiyo ajabu: Disney, Warner, watu wa Muppets, kila mmoja anayelinda mnyama wake kama dhahabu, walikubali kuwaachilia. ABC, CBS na NBC, vituo vya televizio vya Marekani vinavyochukiana, viliirusha siku moja, Jumamosi tarehe 21 Aprili. Rais wa wakati ule, Bush baba, na mke wake Barbara ndio waliofungua. Pesa zilitoka upande wa McDonald's. Kitu kama hicho hakirudi. Na sisi sote wa miaka ile tulilelewa na hawa mashujaa, kwa nini tuwanyime watoto?

Bibi wa Kenya
"Sisi sote"? Sote nani? Kwenye avenue yetu, komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, televizio ilikuwa moja, na mwenyewe alifunga pazia watoto wa jirani wakikaribia. Munakuja hapa kulia machozi ya utoto kana kwamba Lubumbashi nzima ilikaa kwenye salon na Garfield. Semeni "sisi watoto wa kampuni", wale ambao baba zao walikuwa wa kampuni ya migodi, tujue tunaongea na nani.

Kaseti ya Zamani
Nilitaja tu katuni, mama. Sikutaja pazia la mtu.

Bibi wa Kenya
Ulitaja "sote".

Mtoto wa Kambi
Hapo nimeguswa. Ndiyo, baba yangu alikuwa mtu wa kampuni, na televizio ilikuwako, ya mbao, yenye milango kama kabati. Miezi ikapita bila mshahara, mama akaiuza pamoja na videyo, kaseti tukabaki nazo bila pa kuzichezesha. Kwa hiyo hayo ya kutufanya watoto wa wafalme mutuondolee. Kasa ninja wenyewe nilikuja kuwajua kwenye nyumba ya video, kwenye benchi, na wengine.

Sangoku wa Katuba
Nyumba ya video njo ilikuwa shule! Siye ba Katuba tulikuwaka tunajua kila kitu. Ile katuni ya mpira, Olive na Tom, banakimbia mpira nusu saa hawajafika gooli, na yule yaya amesimama pembeni ya televizio anatutafsiria Kifaransa kwa Kiswahili, anaongeza na mambo yake. Kwake Olivier, yule Olive, alikuwa anachezea Mazembe, timu ya hapa Lubumbashi. Kaseti ikianza kutoa mistari, mwenye nyumba anaitoa, anafungua kale kamlango, anapuliza, anageuza, anarudisha. Na betri ya gari chini ya meza.

Lupopo Damu
Olivier kuchezea Mazembe? Ndiyo maana hakufika gooli.

Sangoku wa Katuba
Weye nyamaza. Nani alicheza fainali ya dunia ya klabu na Inter Milan 2010?

Lupopo Damu
Na mukapigwa ngapi? Tatu bila. Hata Michelangelo angedaka moja.

Fundi wa Kamalondo
Jamani. Watoto. Likizo. Bangi.

Mwalimu wa Ruashi
Nijibu basi. Sipingi kuionyesha, napinga kuionyesha peke yake. Ule wimbo wa humo wa kusema "hapana" kwa njia nyingi ni mtamu, waliutunga Alan Menken na Howard Ashman, lakini mtoto wa hapa hajawahi kumuona Alf, hamjui, hatamwogopa wala kumpenda. Mashujaa wakikutana, utamu ni kwamba tayari unawajua wote. Kwa Wamarekani wa 1990, Garfield kutoka kwenye taa na Papa Schtroumpf kutoka kwenye kitabu ilikuwa kama wajomba wote wamefika siku moja. Kwetu ni kundi la wanyama wasiojulikana wanaomkaripia Mzungu mdogo. Kama ni kukutanisha, tuwakutanishe wetu. Kalulu, sungura mjanja wa hadithi zetu, yuko. Chura yuko, Jean-Michel Kibushi, mtengeneza katuni wa Kongo, alishamtengenezea katuni.

Mama Mapacha
Kalulu! Mwalimu, Kalulu ndiye angekuwa anauza bangi yenyewe. Hadithi gani Kalulu hakuiba karanga za mtu?

Mwalimu wa Ruashi
Ndiyo maana angefaa. Anazijua njia zote.

Mama Mapacha
Mwizi afundishe watoto wangu? Aksanti, hapana.

Kaseti ya Zamani
Mbona Bugs Bunny ni sungura vilevile, na humo ndani anajivalisha upolisi kumkamata Michael? Sungura wa Marekani anaruhusiwa, wa kwetu mwizi?

Bibi wa Kenya
Unaona, sasa umeanza kuongea kama mtu wa hapa.

Fundi wa Kamalondo
Niandike basi: katuni ya 1990 kwanza, kisha mwalimu anasimulia hadithi ya Kalulu. Projekta tunayo. Lakini umeme ukikatwa, hatuna jenereta. Na ile sehemu ya kioo, Michael anajitazama anaona uso umeharibika, wadogo chini ya miaka sita watoke?

Mama Mapacha
Watoke. Wangu walilala na taa.

Mtoto wa Kambi
Na kiingilio kisiwepo. Tusirudie mambo ya benchi, wa mbele anayelipa, wa nyuma anayechungulia.

Sangoku wa Katuba
Mimi nililipaka kila siku.

Bibi wa Kenya
Weye? Nyumba ya video ile ya karibu na soko ilikuwa ya shemeji yangu. Mulikuwa mukiingia watatu chini ya koti moja.