Testi zinafeli, ukizirun tena zinapita. Mnafanyaje?

fundi_nyoka: Wakuu habari za jioni. Tuna app ya Django (fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti), testi zote (kodi zinazokagua kama app inafanya kazi sawa) zikikimbia zinakula karibu saa nzima, hilo ningevumilia, kinachoniua ni chache zinazofeli leo kesho zinapita na hakuna aliyegusa kitu. Sa hivi timu imezoea, ikitokea nyekundu mtu anabonyeza irudie, erro yenyewe hata hasomi, juzi bagi ya kweli ya malipo imepenya hivohivo hadi kwa wateja. Bosi anasema tufute zote.

kibaraza: Pole mkuu, msifute. Hata Google mwaka 2016 walisema karibu asilimia 16 ya testi zao zina ugonjwa huo. Zile korofi zitengeni, ziendelee kukimbia ila zisizuie kumerji (kuunganisha kodi mpya na ile kuu), na kila moja iwe na mwenyewe. Kuhusu kasi, run `pytest --durations=10` uone zipi zinavuta muda. Afu cheki paswedi, Django inatumia PBKDF2 (njia ya kuficha paswedi) ambayo imefanywa nzito makusudi, kwa hiyo kila testi inayotengeneza yuza inalipia uzito huo. Kwenye settings za testi weka MD5PasswordHasher, hiyo ni nyepesi ila si salama. Za testi tu jamani, nisisikie mmeipeleka prodakshen kwa wateja 😂

usiku_mwema: Zinafeli saa ngapi? Naulizia mana timezone.now() inarudisha saa za UTC (saa za kimataifa) na sisi tuko masaa 3 mbele, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku huku tarehe imeshageuka kule bado. Kama kuna mtu kaandika date.today() (tarehe ya huku) na mwingine timezone.now().date() (ya kule), mchana zinalingana, usiku zinagombana. Tumieni timezone.localdate() kote, na kwenye testi gandisheni saa kwa freezegun.

fundi_nyoka: Duh! Nimecheki logi, mbili zote zimefeli saa saba usiku, na sisi ndo muda wetu wa kupush huo mana mchana ni vikao tu. Zilizobaki ni za Selenium (inayoendesha brauza yenyewe kama mtu).

mzee_wa_logi: Hizo nakuhakikishia kuna time.sleep(5) humo, yaani subiri sekunde 5 tu. Kwenye laptop zinatosha, seva ikielemewa hazitoshi, na ikiwa nyepesi umesubiri bure. Weka WebDriverWait isubiri kitufe chenyewe kiwe tayari kubonyezwa. Ila @kibaraza kwenye kutenga sikubaliani, kwetu kule kulikuwa makaburini, hakuna iliyorudi.

kibaraza: Ndo mana nikasema iwe na mwenyewe mzee 😅 na mpe wiki mbili, zikiisha hajarekebisha inafutwa.