Gumzo la kikundi cha familia: Baba na Zuhura waenda Nürburgring

ALHAMISI USIKU

Baba: Assalaam alaykum nyote. Kesho alfajiri mimi na Zuhura tunaondoka. Tunavuka kwa treni ya chini ya bahari kutoka Folkestone, Uingereza, hadi Ufaransa, na tukijaliwa jioni tuko Nürburg.

Mama: Baba Hamisi, hili tunalijua. Umelisema tangu mwaka jana.

Hamisi: Mtoto wa kwanza ni mimi na ninayeachwa ni mimi. Nataka liandikwe.

Zuhura: Kaka, miguu yako haiingii kwenye Porsche Cayman ya baba, ina viti viwili tu, hata mizigo ikibaki nyumbani.

Bibi: Hiyo Nurbu ndiyo nini

Baba: Shikamoo mama. Ni njia ya mbio za magari Ujerumani, kwenye milima ya Eifel. Ilifunguliwa mwaka 1927. Sehemu ya kaskazini, wanayoiita Nordschleife, mzunguko mmoja ni kilomita 20.8, kona 73, katikati ya msitu. Dereva wa mbio Jackie Stewart ndiye aliyeibatiza Jehanamu ya Kijani.

Bibi: Marahaba. Kwa hiyo mjukuu wangu unampeleka jehanamu

Mjomba Kassim: 😂😂 Shemeji, hapo jibu.

Baba: Ni jina la utani mama. Huyo Stewart mwenyewe alishinda pale mwaka 1968, mvua na ukungu, aliyemfuata akafika zaidi ya dakika nne baadaye.

Bibi: Haya

Shangazi Rehema: Kaka, mimi nina swali moja. Bima.

Baba: Ipo. Ile kubwa.

Shangazi Rehema: Nitumie karatasi zote, si ukurasa wa kwanza.

Baba: Usiku huu dada?

Shangazi Rehema: Nusu ya umri wangu nimeumalizia kwenye bima. Nitumie.

Zuhura: [faili] Hii hapa shangazi. Shikamoo.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Msilale kwanza.

Shangazi Rehema: Haya, nimeiona, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi. Hawalipi ajali yoyote itakayotokea kwenye njia ya mbio, wala Nürburgring. Wameitaja kwa jina, kaka!

Mjomba Kassim: Hao wamewahi kuumwa na nyoka.

Baba: Lakini kisheria, siku zile wanapofungulia wananchi, pale ni barabara ya kulipia ya upande mmoja. Zinatumika sheria za barabarani za Ujerumani. Unapita kwa kushoto tu, kwa kulia marufuku, hakuna kushindana, hakuna kupima muda. Sasa mbio ziko wapi?

Shangazi Rehema: Kwa polisi ni barabara. Kwa aliyekuuzia bima ni njia ya mbio. Na wewe ukigonga huendi kudai kwa polisi. Ile kingo ya chuma wanakutoza kwa urefu ulioupinda, juu yake gari la kuvuta, na wakilazimika kufunga njia kwa ajili yako nayo inaingia kwenye hesabu.

Mama: Baba Hamisi.

Mama: Naona tiki mbili za buluu.

Baba: Nasoma.

Zuhura: Mimi nilishaangalia. Pale pale kijijini wapo wanaokodisha magari yaliyoandaliwa kwa njia ile, yana vyuma vya kulinda ndani, mikanda ya mbio, na bima yake. Likiharibika unalipa kiwango mlichokubaliana, si zaidi. Twende na Cayman, tuzunguke na la kukodi.

Baba: Yaani niitoe Porsche nyumbani, niivushe bahari, nipite nayo nchi mbili, nikifika niiegeshe halafu nipande kigari cha kukodi.

Mama: Ndiyo.

Shangazi Rehema: Ndiyo.

Bibi: Ndiyo

Hamisi: Mimi siko safarini lakini ndiyo.

Baba: Usiku mwema.

IJUMAA

Zuhura: Tumetoka. Begi langu liko buti ya mbele, la baba buti ya nyuma, maana injini imekaa katikati, mgongoni kwetu. Ya nyuma inapata joto. Mashati yake yatafika yamepigwa pasi.

Mama: Yale makoti yanayong'aa mmechukua? Na pembetatu? Ufaransa wanavidai.

Zuhura: Vyote vipo. Na stika za taa tumebandika, tusije tukawamulika watu machoni. Na ile ya UK nyuma, GB walishaiacha tangu 2021.

Zuhura: Tuko ndani ya treni. Unaingiza gari mpaka kwenye behewa, unazima, unakaa humo humo. Dakika 35 mko Ufaransa.

Bibi: Na maji yako juu yenu

Zuhura: Juu yetu mwamba bibi, maji ndiyo yako juu ya mwamba.

Bibi: Hapo hujanisaidia mke mwenzangu. Nawaombea

Hamisi: Mmefika wapi?

Zuhura: Ubelgiji, barabara kuu ya E40, Brugge tumeiacha nyuma. Baba anaendesha, mimi ndiye jicho lake. Huku wanakwenda kulia na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo akitaka kutoka kwenda njia ya kushoto, pale ambapo kioo hakionyeshi ni begani kwangu. Naangalia, nasema "toka" au "ngoja".

Hamisi: Na anakusikiliza? Baba huyu huyu?

Zuhura: Mpaka Gent nikisema "toka" anauliza "una hakika?" Tulipoipita Brussels akaacha kuuliza.

Baba: Nipo sheli, naona mnanisema. E42 inapita jirani kabisa na Spa-Francorchamps, njia ya mbio ya Ubelgiji. Tutachungulia kidogo.

Mama: Kidogo ya kwako naijua.

Zuhura: Mama, tumechungulia mpaka tumeota mizizi. Ila nakubali, ilistahili. Kwenye televisheni kile kipande cha Eau Rouge na Raidillon ni kilima kama vilima vingine. Ukisimama chini yake unajiuliza gari linapandaje bila kuruka. Halafu baba akanipitisha kwenye ile njia ya zamani, ilikuwa kilomita 14, inazunguka kupitia Malmedy na Stavelot. Ni barabara tu, watu wanaendea kazini. Baba kila nguzo ya umeme ana hadithi yake.

Mjomba Kassim: Na Ujerumani shemeji, kule kusiko na kikomo, ulifika ngapi?

Zuhura: Mjomba, mama yumo humu.

Baba: Kasi inayoshauriwa ni 130.

Mama: Sikuuliza inayoshauriwa.

Baba: Mtandao huku milimani unakatika katika.

Zuhura: 😂 Tumefika salama. Njia ndogo za mwisho nimechoka mimi kuliko yeye. Ukiwa nyuma ya lori na usukani wa kulia huoni mbele hata kidogo, basi ni mimi nachungulia, "bado, bado, bado, sasa". Kijiji kimejaa magari ya kila rangi, na sauti usiseme.

JUMAMOSI

Hamisi: Vipi? Mmeshazunguka? Tuma video.

Zuhura: Video ndani ya gari hairuhusiwi.

Hamisi: Basi muda. Dakika ngapi?

Zuhura: Kupima muda hairuhusiwi.

Hamisi: Sasa mmekwenda kufanya nini huko?

Mjomba Kassim: Hivi rekodi yenyewe ni ngapi?

Baba: Timo Bernhard na Porsche 919 Evo, mwaka 2018, dakika 5 na sekunde 19 na nusu. Shemeji, kilomita 20.8. Sisi hata mzunguko kamili hatuumalizi, siku za wananchi unatakiwa kutoka kila ukifika ule mnyoofu wa Döttinger Höhe, ukitaka tena unaingia upya.

Zuhura: Asubuhi tulisubiri sana. Kuna mtu aligonga, wakafunga. Magari yamepanga foleni, watu wanakunywa kahawa, kila mmoja anamweleza mwenzake kona asiyoijua. Ndipo baba akanionyesha kona ya kwanza ya Nordschleife, siku hizi inaitwa kwa jina la Sabine Schmitz. Mzaliwa wa pale pale Adenau. Alishinda mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na akarudia 1997, na ndiye mwanamke wa kwanza kuzishinda. Alifariki 2021. Halafu kuna siku aliizunguka njia hii na Ford Transit. Gari la mizigo! Dakika 10 na sekunde 8.

Shangazi Rehema: Huyo ndiye wangu.

Hamisi: Nani alianza kuendesha?

Zuhura: Tulirusha sarafu. Nikashinda.

Mama: Allah.

Zuhura: Mama tulia, nasimulia. Gari dogo, usukani kushoto, mkono wa kulia unaitafuta gia. Unagusisha kadi, kizuizi kinainuka, na hapo hakuna tena wa kukushika mkono. Hatzenbach inakuzungusha kushoto kulia kushoto kulia hujakaa sawa. Flugplatz unapanda huoni upande wa pili. Halafu Fuchsröhre. Hamisi, kwenye ile gemu yako Fuchsröhre ni mnyoofu tu. Uongo mtupu. Ni kushuka, kushuka, tumbo umeliacha juu, ukifika chini gari linakandamizwa mpaka kiti kinalia, kisha unapanda na kona inakungoja. Kutoka chini Breidscheid mpaka juu Hohe Acht ni kama mita 300 za mwinuko, na gemu haina tumbo.

Hamisi: Adenauer Forst je? Pale wote wanatoka nje.

Zuhura: Niliingia polepole mpaka watazamaji walisikitika. Wamekaa pale na viti vyao wanangoja mtu atoke. Hawakupata kitu kwangu.

Shangazi Rehema: Barikiwa.

Zuhura: Bergwerk baba alikuwa kimya. Hapo ndipo Niki Lauda, dereva wa Formula 1, alipoungua tarehe 1 Agosti 1976, akatolewa kwenye moto na madereva wenzake. Baada ya hapo Formula 1 haikurudi tena Nordschleife. Kisha Karussell, ile kona ya zege iliyolala, meno yanagongana. Na mvua! Huku mwanzoni pakavu kabisa, kule juu maji yanatiririka. Njia moja, hali ya hewa mbili.

Mjomba Kassim: Mmewapita wangapi?

Zuhura: Mjomba sisi tumepitwa. Porsche za wenye nazo, na gari moja la familia lina kiti cha mtoto nyuma.

Hamisi: 😂😂😂😂

Baba: Nami niseme. Kona zote nazijua kwa majina, nikawa namsomea kabla hajafika. Schwedenkreuz akaniambia, "Baba nyamaza kidogo, naangalia vioo."

Mama: Ukanyamaza?

Baba: Nikanyamaza. Pale anayekuua hayuko mbele, anakuja nyuma yako kwa kasi mara mbili ya yako. Binti yako anamwona angali mbali, anawasha indiketa ya kulia, anakaa upande, mtu anapita, anaendelea. Hakuna presha. Mimi nilikaa nikiangalia mikono yake. Nimefundisha wengi kuendesha lakini vile sikumfundisha mimi.

Bibi: Amechukua kwa babu yake

Zuhura: Nimesoma na simu ikanitoka mkononi.

Hamisi: Na zamu ya mzee ikawaje?

Zuhura: Mzee alikwenda vizuri sana. Indiketa ya kulia iliwaka kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Baba: Niliwapa njia wenye haraka.

Hamisi: Umri huo baba!

Baba: Umri? Fangio, yule bingwa wa zamani wa Formula 1, alikuwa na miaka 46 aliposhinda pale mwaka 1957. Alisimama kujaza mafuta na kubadili matairi, akatoka nyuma ya Ferrari mbili za Hawthorn na Collins, karibu dakika nzima. Vijana wale wakajua imeisha. Akaivunja rekodi ya mzunguko, akaivunja tena, akaivunja tena, akawapita wote wawili ikiwa imebaki mizunguko miwili. Ule ndio ushindi wake wa mwisho kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Usiniambie umri.

Mama: Fangio hakuwa na presha ya damu. Dawa umekunywa?

Baba: Nimekunywa.

Zuhura: Amekunywa, nimeona.

Shangazi Rehema: Gari la watu limerudi zima?

Zuhura: Zima shangazi. Nililipiga picha pande zote kabla na baada kama ulivyosema, matairi nayo, na yule bwana ametia sahihi.

Shangazi Rehema: Sasa nitalala.

Baba: Dada, na bima ya kuiingiza Cayman yenyewe siku nyingine, haipatikani?

Shangazi Rehema: Nitatafuta. Usitie sahihi popote sijasoma.

Mama: Sasa kesho mnaanza saa ngapi? Treni msije mkaikosa kwa kuchungulia.

Baba: Mapema. Funguo amechukua Zuhura.

Mama: Umempa Porsche?!

Hamisi: Mimi hata kuiosha naombewa ruhusa.

Baba: Mpaka Liège tu.

Zuhura: Mpaka Calais.

Baba: Tutaongea Liège.