MREJESHO: Mbegu za bustani ya watoto

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nipande mbegu gani na wanangu wawili ili wasichoke mapema, mkaniambia karoti niachane nazo zinachelewa kuota, nianze na mchicha na bamia. Asanteni aisee. Mchicha ulichomoza siku ya nne tu, bamia tuliziloweka usiku kucha kwanza, na mbegu zake ni kubwa hata huyu wa miaka minne anazifukia mwenyewe kwa kidole, japo shimo moja kaweka kumi na moja hahaha. Shida kuku wa jirani, waliparua tuta zima tukaanza upya, sasa tumezungushia chandarua cha zamani. Jana tumechuma mchicha, mkubwa ambaye mboga huwa hagusi kamaliza sahani, ila bamia hata hazijazaa ameshasema hali, eti zina makamasi.