Mjadala: Timu za wasichana vyuoni zitengewe makocha wanawake, au kocha ni kocha tu?

MLETA MADA (Dodoma)

Habari za jioni wanajamvi.

Juzi kwenye kundi letu la walimu wa michezo kaka mmoja aliandika: "Timu ya wasichana inataka kocha anayejua, si kocha anayevaa sketi." Wengi walimuunga mkono, wachache tukapinga, na kufika usiku watu walikuwa wanatupiana maneno tu. Nauleta mjadala hapa tuujadili kwa ushahidi.

Ushahidi ulionishika ni wa Marekani, ambako michezo ya vyuo ni biashara ya mabilioni ya dola na wasomi wameichunguza nje ndani. Maprofesa wawili wa Brooklyn College, Vivian Acosta na Linda Carpenter, walianza mwaka 1977 kuviuliza vyuo maswali yale yale: mna timu ngapi za wanawake, nani anazifundisha, nani anaongoza idara. Waliendelea kuuliza hadi 2014.

Walichokuta ni hiki. Sheria ya 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, iliwafungulia wasichana viwanja. Mwaka 1970 chuo kilikuwa na wastani wa timu mbili na nusu za wanawake. Mwaka 2014 zilikaribia tisa. Wachezaji wanawake walitoka kama 16,000 wakafika kama 200,000. Sasa angalieni benchi. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake zilifundishwa na wanawake. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 43.4. Na kwenye timu za wanaume, makocha wanawake hawakufika asilimia 4. Yaani mwanamume aliongezewa mlango wa pili, mwanamke akabanwa kwenye ule mmoja aliokuwa nao.

Kilichobadilika ni pesa. Pat Summitt alipoanza kuifundisha timu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alilipwa dola 250 kwa mwezi, akifua jezi mwenyewe na kuendesha gari la timu mwenyewe. Kazi ya namna hiyo wanaume hawakuigombania. Mshahara uliponona foleni ikawa ndefu, na waliokuwa wakichagua nani apite walikuwa wanaume. Awali wanawake walikuwa na chama chao, AIAW, kilichoundwa 1971 na kuongozwa na wao wenyewe. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliyokuwa imehangaika ili sheria ile isiguse michezo ya wanaume yenye mapato, ilianzisha mashindano yake ya wanawake msimu wa 1981-82, na AIAW ikafa. Vyuoni nako idara mbili za michezo ziliunganishwa kuwa moja: mkurugenzi wa upande wa wanaume akabaki mkurugenzi, na mama aliyeongoza upande wa pili akawa naibu wake. Kufikia 2014, wanawake walikuwa kama asilimia 22 tu ya wakurugenzi wa michezo.

Kuna sehemu ya kazi yao ninayoirudia darasani kila mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwauliza viongozi wa michezo vyuoni sababu ya wanawake kupungua. Wanaume wakataja zaidi kwamba wanawake wenye sifa hawapo, hawaombi kazi, familia zinawabana. Wanawake wakataja zaidi kwamba wanaume wanaajiriana kwa kujuana. Idara ni zile zile na nafasi ni zile zile.

Nami ninalo langu. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka timu ya netiboli kwenye mashindano ya vyuo. Kikao cha makocha kilikuwa usiku, kwenye darasa lenye taa moja inayowaka na kuzima. Nimekaa mstari wa mbele, orodha ya wachezaji kwenye paja, filimbi bado shingoni. Mwenyekiti akapita akigawa ratiba, alipofika kwangu akaishikilia karatasi: "Matroni, kocha wenu atafika saa ngapi?" Timu ile nilikuwa nimeifundisha miaka sita. Chumba kizima hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko swali lenyewe.

Hoja yangu: kila timu ya wasichana chuoni itengewe kocha mkuu mwanamke, kama tulivyotenga viti maalumu bungeni. Karibuni.

KOCHA WA RIADHA (Eldoret)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa tutapishana.

Geno Auriemma, mwanamume, anafundisha mpira wa kikapu wa wanawake Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 1985. Ana mataji 12 ya taifa, la 12 alilichukua 2025 kwa kuifunga South Carolina ya kocha mwanamke, Dawn Staley, 82 kwa 59. Kwa kanuni yako asingeajiriwa. Mabinti wale wangepata nini zaidi?

Kwetu huku, mkimbiaji Sally Kipyego alienda chuo cha Texas Tech, Marekani, akachukua mataji tisa ya NCAA, kisha medali ya fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London 2012. Saa ya kocha haiulizi jinsia ya mkono ulioishika.

Na habari ya kutenga viti sisi Wakenya tunaijua. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bunge likashindwa kuitimiza, Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje mwaka 2020, na halikuvunjwa. Hata ukipata kiti hicho kinakuja na doa. Mechi ya kwanza ukipoteza utaambiwa ulipewa kwa sababu ya jinsia. Binti yangu anasomea ukocha na sitaki aingie uwanjani na doa hilo.

MWANAFUNZI (Mombasa)

Sisi wachezaji mbona hatuulizwi? Kocha wangu wa voliboli ni mwanamume na simbadilishi na mtu. Ila nakiri sijawahi kufundishwa na mwanamke, kwa hivyo sina cha kulinganisha.

MKIMBIAJI WA ZAMANI (Minnesota)

Nimesoma yote, naomba niongeze kutoka ndani. Nilipata skolashipu ya mbio chuo kimoja huku Marekani, nikakimbia misimu minne.

Riadha na mbio za nyika ni kati ya michezo ambayo makocha wakuu wanawake ni wachache mno. Kituo cha Tucker, kinachochunguza wasichana na wanawake michezoni hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, hutoa ripoti zinazovipa vyuo na michezo alama kama za mtihani kwa kigezo hiki, na riadha imekuwa ikiburuza mkia. Sababu moja naijua kwa macho yangu: vyuo vingi huunganisha timu ya wanaume na ya wanawake chini ya mkurugenzi mmoja. Kiti kikiwa kimoja kwa timu mbili, anakikalia mwanamume. Kwetu mwanamke alikuwa mmoja, msaidizi wa warukaji, wala si wa sisi wakimbiaji.

Msimu wa pili nilianza kuumwa muundi. Kocha mkuu, mtu mwema kabisa, alibadilisha viatu vyangu, akapunguza maili, akanipeleka kwenye barafu. Maumivu hayakwisha. Yule mama wa warukaji alinikuta chumba cha kubadilishia nguo nimekaa chini nimeshika mguu. Akakaa chini pembeni yangu akaniuliza polepole, "Mara ya mwisho ulipata siku zako lini?" Nilihesabu. Miezi saba. Nilidhani ndivyo wakimbiaji wazuri wanavyokuwa. Kesho yake daktari aliona mpasuko kwenye mfupa. Nilikuwa nakula kidogo kuliko ninavyokimbia, hedhi ikakata, mifupa ikalegea.

Kocha wa Eldoret, nawe una binti, nakuuliza kwa heshima: katika hiyo "anayejua" yenu, swali lile limo? Mwanamume anaweza kufundishwa kuliuliza, sikatai. Ila kwa misimu miwili hakuna aliyeniuliza, na mimi kumwambia mwanamume wa umri wa baba yangu jambo lile nisingethubutu.

Kwako mwalimu wa Dodoma: viti maalumu huku haviwezekani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kuajiri kwa jinsia. Ukiandika tangazo la kazi "mwanamke tu" unashtakiwa, na unashindwa.

MLETA MADA (Dodoma)

Asanteni. Dada wa Minnesota, pole sana, na asante kwa kulisema hilo mbele za watu.

Kaka wa Eldoret, Auriemma ni kocha mkubwa na sitamwondolea hata taji moja. Lakini mfano mmoja haujibu hesabu ya vyuo vyote. Na ukitazama benchi lake vizuri utamwona Chris Dailey, msaidizi wake tangu siku ya kwanza, 1985. Huyu mama alichezea timu ya chuo cha Rutgers iliyochukua ubingwa wa mwisho wa AIAW mwaka 1982. Sisemi alinyimwa kitu. Nasema mataji yale 12 yana mkono wa mwanamke aliyelelewa na mfumo ule uliouawa, na jina lake watu wachache wanalitaja.

Kuhusu doa la kiti cha kutengewa, umenifikirisha kuliko nilivyotarajia. Nilipoulizwa "kocha wenu yuko wapi" nilikuwa na cheti na miaka sita ya kazi, na doa lilinikuta vilevile. Hata hivyo sitaki kumwongezea binti yako mzigo. Kwa hiyo naibadilisha hoja yangu: tuache kutenga kiti, tubadilishe meza inayoajiri.

Watafiti Jane Stangl na Mary Jo Kane walichunguza shule za sekondari za jimbo la Ohio, Marekani, matokeo yakatoka 1991: mkuu wa michezo akiwa mwanamke, makocha wanawake wanakuwa wengi zaidi kuliko akiwa mwanamume. Acosta na Carpenter nao waliona hivyo vyuoni. Bosi huwa anamwona kwa urahisi yule anayefanana naye, na sidhani kama ni roho mbaya. Ndiyo maana umoja wa vyuo wa West Coast Conference ulipitisha mwaka 2020 Kanuni ya Russell, iliyopewa jina la Bill Russell wa kikapu: ukitafuta kocha mkuu au mkurugenzi wa michezo, orodha ya mwisho ya wanaosailiwa lazima iwe na mtu kutoka kundi linaloachwa nyuma. Kanuni haisemi nani apewe kazi. Inadai tu aitwe, aketi, asikilizwe. Hiyo hata huku kwetu haihitaji kubadili katiba, inahitaji barua moja ya makamu mkuu wa chuo.

Na mdogo wangu wa Mombasa kasema kweli kuliko sote: hana cha kulinganisha. Sisi pia hatuna hesabu. Wale maprofesa wawili walianza kwa kuuliza tu na kuandika majibu. Basi mnaofundisha vyuoni, Tanzania na Kenya, andikeni hapa chini: chuo kina timu ngapi za wasichana, ngapi zina kocha mkuu mwanamke, na mkuu wa michezo ni nani, mke au mume. Msitaje jina la chuo wala la mtu.

Naanza na chetu: timu tano, kocha mkuu mwanamke mmoja, ndiye mimi. Mkuu wa michezo mwanamume.