Nimeletwa Lubumbashi mpaka Krismasi. Nianzie wapi kuujua mji?

Mtoto wa Tukuyu

Wadau, salaam. Kampuni imenileta Lubumbashi kusimamia makaratasi ya mizigo inayotoka bandari ya Dar kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Nimepangiwa nyumba ya wageni mjini kati, chakula wanapika wao, gari la ofisi linanichukua asubuhi na kunirudisha jioni. Lubumbashi ninayoijua mpaka sasa ni ya dirishani: dohani ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini pembeni yake, basi. Jumamosi na Jumapili nalala na simu. Sitaki nirudi nyumbani, nikiulizwa Kongo kukoje, nijibu kuna vumbi.

Wenyeji na mliowahi kukaa, mtu anaingiaje kwenye maisha ya watu wa hapa? Kifaransa changu kinaishia bonjour. Pombe situmii.

Dereva wa Tunduma

Kijana, lugha isikutishe, huku sokoni ni Kiswahili. Wewe angalia dola zako ziwe safi. Noti ikiwa na mchaniko hata wa ukucha pembeni, mtu anakurudishia huku anakutazama kama mwizi. Usipige picha askari wala majengo ya serikali. Na saa ya huku iko nyuma ya kwetu kwa saa moja, kwa hiyo ukipiga nyumbani saa tano usiku usilalamike kwamba mama watoto hapokei. Mengine waulize wenyeji, mimi nikishusha mzigo nageuza.

Mama wa Kamalondo

Mtoto yangu, karibu. Mimi nimezaliwa mu Kamalondo, tangu ingali inaitwa Albert. Baba alikuwa wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji. Haya ninayokuambia sikuyasoma.

Hama hiyo nyumba ya wageni. Mjini kati maduka yakifungwa unabaki na sentinele tu, walinzi wa usiku. Tafuta chumba ndani ya parsele, kiwanja chenye uzio, mitaa ya Kamalondo au Kenya, hata Katuba. Mbele nyumba ya mwenyewe, nyuma vyumba vya kupanga, katikati mwembe, na robine, bomba la maji, moja ya watu wote. Pale kwenye robine ndipo utasikia nani kajifungua na nani kasimamishwa kazi mgodini. Salimia kila asubuhi, wakubwa kwanza. Usiposalimia watasema unajiona. Ukisalimia, haitachukua muda mama mwenye parsele ataanza kukuwekea sahani.

Na hiyo sahani ni bukari. Mahindi yamechanganywa na muhogo, kwa hiyo inavutika kuliko ugali wenu, na inaletwa imefunikwa isipoe. Pembeni sombe, kisamvu chenu, au bitoyo, samaki wa chumvi. Bitoyo inanuka, nakuambia mapema. Mtoto wa nyumba atapita na jagi na beseni kuwanawisha. Ngoja mkubwa amege kwanza. Mvua zikikolea, usihangaike na nyama. Uyoga unapangwa kando ya barabara, mwingine kofia yake inafunika sahani nzima. Na uonje kikanda: mizizi inapondwa na karanga na pilipili, inapikwa mpaka inashikana, mama anakukatia vipande kwa kisu. Asiyejua anadhani ni nyama. Kama hunywi pombe, omba munkoyo, kinywaji cha mahindi, ila uliza umelala siku ngapi. Wa leo ni mtamu, ukikaa unaanza kupanda kichwani.

Halafu kuna kilio. Najua wageni wanaogopa kwenda kwenye msiba wa watu wasiowajua. Wewe nenda. Jirani akifiwa, viti vinajaa uani, wanaume wanakesha nje kwenye moto, wanawake ndani chini, bikwembe, vitenge, vimefungwa kiunoni, na kuna mtu ameshika daftari la michango. Toa kidogo ulicho nacho, kaa, sikiliza. Usiku huo watakuuliza ukoo wako wote, na kesho yake hata mwenye duka la pembeni atakuwa anajua jina lako. Mtu anaweza kukaa hapa miaka akila na wafanyakazi wenzake tu, akaondoka bila hata mmoja kuuliza kaenda wapi. Hao nawaona kila siku, hasa wa migodini.

Kama unaimba, kwaya. Jumapili misa iko ndefu lakini hutachoka.

Mize, makumbusho, iko, na ni nzuri: utaona vyungu vya makaburi ya kale ya Sanga na misalaba ya shaba ambayo wazee walitumia kama pesa. Lakini iweke siku ya mvua. Mimi ningekutafutia kwanza mchoraji wa mtaani akuoneshe mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Zamani alikuwa anatundikwa sebuleni kwa kila mtu, na mama yangu alikuwa anamgeuza uso ukutani padri akija.

Damu ya Lupopo

Mama kasema yote, kasahau mpira! Mtanzania huku hahitaji utambulisho, watakuita Samatta kabla hujafungua mdomo. Alitoka Simba 2011 akaja Mazembe, na 2015 wakachukua naye kombe la Afrika. Ni kombe lao la tano, nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi ni wa Saint-Éloi Lupopo. Timu zote mbili ni za 1939, zimezaliwa mwaka mmoja mji mmoja, na siku zikikutana kuna nyumba ambazo mume na mke hawaongei. Njoo upande wetu. Vaa bluu na njano, na nyeusi na nyeupe uiache nyumbani, tafadhali.

Mtoto wa Tukuyu

Asanteni sana. Mama, shikamoo. Kikanda nimekila jana, muuzaji akaniambia ni mizizi ya maua ya porini, nikacheka peke yangu. Kwetu kule Kitulo wanachimba mizizi hiyohiyo, inavushwa Tunduma kwenda Zambia, na sisi wenyewe hatuli! Nimekua naona magunia, nikawa sijui yanaishia tumboni mwa nani.

Dereva, umewahi kubeba?

Dereva wa Tunduma

Hilo swali niulize ana kwa ana.

Mama wa Kamalondo

Marahaba, mtoto yangu. Basi umekuja kula cha kwenu.

Kuhusu chumba: Jumamosi mchana tembea na mtu wa hapa, usiende peke yako, bei itapanda wakisikia sauti yako. Na mwenye nyumba ataomba garanti ya miezi kadhaa mbele, kwa dola, zile safi alizosema dereva. Ongea na bosi wako kabla, aitoe kampuni. Uandikiwe risiti, na iandikwe humo kwamba robine imelipiwa.