Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza na Windows ya majaribio

Wakuu, mbukwenyi.

Juzi kijana kaniletea laptopu dukani hapa Majengo, anataka nimpigie Windows ya majaribio kabla wenzake hawajaiona. Nikacheka, maana amenikumbusha 2012.

Toleo la majaribio la Windows 8 lilitoka tarehe 29 Februari mwaka ule. Nililishusha kwa modemu usiku kucha, giga 2.5 za biti 32, kila nikishtuka usingizini natazama kama mtandao umekatika. Asubuhi napiga, mashine inawaka na picha ya samaki badala ya nembo! Baadaye sana ndipo nilipojua ni utani wao: samaki yule anaitwa betta, na programu ambayo haijaiva huitwa beta.

Kusema kweli nilifurahi. Vigae vya rangi skrini nzima, na kimashine changu cha RAM giga 1 kikawa kinawaka upesi kuliko kilipokuwa na Windows 7. Kasheshe ikaja kwenye kuzima. Kitufe cha Start pale chini kushoto kimeondolewa. Mkono unakwenda wenyewe, unakuta patupu. Nikahangaika karibu nusu saa, mwisho nikachomoa betri. Kumbe unapeleka kipanya kwenye kona ya kulia, utepe unachomoza, unaingia Settings, humo ndimo mna Power. Kitufe walikirudisha kwenye 8.1, Oktoba 2013, lakini mimi nilikuwa nimeshakimbia.

Mwageni na yenu.

Wa Ng'hong'hona: Mkuu umenipeleka mbali. Nilikuwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wakati huo, hiyo ya samaki ilizunguka chumba kwa chumba kwenye flashi. Jamaa yetu mmoja kwa pupa akafuta diski nzima, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho umo humohumo. Nakala hana. Kilichomwokoa ni zile karatasi alizorudishiwa na msimamizi zimejaa wino mwekundu, alizokuwa anazilaani kila siku. Akakaa akachapa upya, ukurasa kwa ukurasa, na masahihisho akayafanya hapohapo. Alifaulu.

Dada wa Kondoa: Yangu ni ya Windows 11, Agosti 2021, bado ya majaribio. Nikasoma masharti: RAM giga 4, mimi ninazo 8. Nafasi giga 64, mimi nina diski ya 500. Nikajiona tajiri. Mashine ikagoma! Inataka TPM 2.0, chipu ya kutunzia funguo za usalama, na laptopu yangu ya 2013 haina hiyo. Nikampelekea fundi, akanishauri niongeze RAM. Nikamwitikia tu, nikaondoka na laptopu yangu.

Wa Singida: Mie siku hizi najaribia ndani ya VirtualBox, programu inayokutengenezea kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Ikiharibika nafuta, mafaili yangu hayaguswi. Ila humo inakuwa nzito, usije ukaisema vibaya bure.

Wa Bahi: Mleta mada ulikimbia mapema ukakosa uhondo. Mimi nilibaki na samaki wangu. Januari 2013 mashine ikaanza kujizima na kujiwasha, kila baada ya saa moja au mbili. Nikasema hili ni vumbi la Bahi. Nikaifungua, nikapuliza, nikapaka grisi ya prosesa, nikanunua na feni ya kuwekea chini. Haiponi. Wiki nzima! Kumbe toleo limeisha muda wake, limewekewa hivyo makusudi ili tuhame. Feni ninayo mpaka leo, nzima kabisa, kama kuna anayehitaji aje.

Dada wa Kondoa: Bei gani hiyo feni?

Mleta mada: Ya Bahi imenimaliza, wateja wananishangaa nacheka peke yangu. Yule kijana nilimwambia alete kwanza diski ya nje tuhamishie mafaili yake. Akasema anaifuata Area C anakuja sasa hivi. Leo siku ya tatu.